Ukilia, Naongeza

Dereva wa bajaji hakuwa na Kiingereza zaidi ya bei na majina ya mahali, na Kikhmer changu kilikuwa maneno mawili, salamu na asante. Aliponiuliza kwa ishara ninafanya kazi gani, nikaandika hewani mbili jumlisha mbili, kisha nikajifanya nafuta ubao. "Lok kru!" akasema, yaani mwalimu, akaunganisha viganja na kuviinua mpaka puani. Baadaye nilielezwa kwamba salamu hiyo ina ngazi zake: kwa rafiki viganja huishia kifuani, kwa mkubwa wako hufika mdomoni, kwa wazazi na walimu hufika puani. Shikamoo yenye vipimo. Nikajiona mtu kweli. Huku kwetu mwalimu wa hisabati wa sekondari ya kata hapati heshima hiyo hata kwa mtoto wa mwenye duka anayemdai.

"Tuol Sleng," nikamwambia. Akashusha mikono, akawasha chombo, tukaenda kimya.

Ilikuwa Juni 2019, likizo ya katikati ya mwaka. Mdogo wangu alikuwa anasoma shahada ya pili Bangkok, na mwaka mzima nilikuwa naweka pembeni hela ya tuisheni ili nikamtembelee. Nilikaa naye wiki moja, nikaona namvurugia mitihani, nikafunga begi la mgongoni na kuvuka mpaka wa Poipet kuingia Kambodia kwa basi. Viza dola 30 na picha moja ya pasipoti. Nikapita Siem Reap kuona Angkor Wat, ambayo sitaieleza kwa sababu kila aliyefika kaieleza, kisha nikapanda basi lingine, mwendo wa saa sita hivi, hadi mji mkuu, Phnom Penh. Gesti ilikuwa dola 5: kitanda cha juu cha dabodeka, chumba cha watu wanane, na chini yangu Mjerumani aliyekoroma kama mashine ya kusaga.

Mji niliupenda siku ya kwanza. Bajaji ni zile zile za kutoka India tunazopanda Arusha, tofauti ni kwamba wao unaiita kwa simu na bei unaijua kabla hujapanda. Unalipa kwa dola, unarudishiwa chenji kwa riel, 4,000 kwa dola moja, kwa hiyo jioni mfuko umejaa noti na huna kitu. Asubuhi akina mama wanachoma kitimoto kilichokatwa vipande vyembamba, juu ya mkaa, wanakuwekea kwenye wali na achari ya matango. Nilikila siku nne mfululizo. Jioni watu wote wanateremkia ukingoni mwa mto, wazee wanafanya mazoezi kwa muziki wa spika, watoto wanakimbiza njiwa mbele ya kasri la mfalme.

Na mto wenyewe ni wa ajabu. Pale mjini Tonle Sap unakutana na Mekong. Mvua zikikolea, Mekong hufura na kuusukuma mwenzake nyuma, maji yakapanda kuelekea ziwani badala ya kushuka baharini. Mto unageuka. Novemba unageuka tena, na watu hufanya sikukuu kubwa ya mashindano ya makasia. Niliambiwa haya na kijana wa mapokezi pale gesti, nikadhani ananitania mgeni.

Sasa chukua mji huo, uondoe watu wote.

Tarehe 17 Aprili 1975 Khmer Rouge, waasi wa kikomunisti wa Kambodia, waliingia Phnom Penh, wengi wao vijana wadogo wa shamba, nguo nyeusi, miguuni katambuga. Ndiyo, katambuga, kandambili za tairi la gari kama zinavyouzwa kwa Wamasai soko la Kilombero. Mji ulikuwa na watu zaidi ya milioni mbili, wengi wao wakimbizi wa vita na wa mabomu ambayo Marekani iliyamwaga vijijini hadi 1973. Wakaambiwa watoke wote, Wamarekani wanakuja kupiga mabomu, ni siku tatu tu. Hata wagonjwa walitolewa hospitali wakisukumwa vitandani, chupa za dripu zikining'inia. Siku tatu hizo zikawa miaka mitatu, miezi minane na siku ishirini, na huko wanaitaja hivyo hivyo, bila kuzungusha. Fedha ilifutwa, benki kuu ikalipuliwa, shule na masoko vikafungwa. Kila mtu akawa mkulima wa mpunga, akafanyishwa kazi na kitu kisicho na sura kilichoitwa Angkar, yaani Shirika. Baba, mama, kaka, shangazi, wote wakawa "mit", komredi. Nilikumbuka barua za chama za marehemu babu yangu, zote zilizoanza na "Ndugu". Kwetu neno lile lilibaki kuwa adabu, hakuna aliyekatazwa kumwita mama yake mama.

Walikufa watu kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili, katika nchi iliyokuwa na watu wasiofika milioni nane. Kwa njaa, kwa kazi, kwa malaria, na kwa kuuawa. Mimi ni mtu wa namba, na nakiri namba hizo hazikunifanya kitu. Nilizisoma ndani ya basi nikitafuna karanga.

Kilichonishika ni sakafu.

Tuol Sleng, gereza lao ambalo sasa ni makumbusho, ilikuwa sekondari. Ungenifunga kitambaa usoni ukanifungulia pale uwanjani, ningekuambia bila kusita: hii shule. Majengo marefu ya ghorofa tatu yaliyozunguka uwanja wa nyasi, varanda ndefu upande mmoja, ngazi za saruji zilizolika katikati kwa miguu ya wanafunzi. Vyumba vimepakwa rangi nyepesi, dirisha kila upande ili hewa ipite, na sakafu ya vigae vya rangi mbili, kimoja cheupe kimoja cha rangi ya udongo, kama bao la drafti. Ukutani katika baadhi ya vyumba ubao bado upo. Katikati ya sakafu hiyo, jengo la kwanza, kuna kitanda cha chuma kisicho na godoro, na pingu. Ukutani picha ya mtu aliyekutwa amekufa juu ya kitanda hicho hicho. Wanajeshi wa Vietnam walipoingia mjini Januari 1979, waandishi waliofuatana nao walifika hapo kwa kufuata harufu. Walikuta maiti 14 za mwisho. Makaburi yao meupe yako uwanjani, mahali ambapo shule nyingine ingepanga mstari wa asubuhi.

Jengo la tatu madarasa yamekatwa kwa kuta za matofali zilizojengwa kiharaka, saruji imevuja kila upande, fundi wa kwetu asingelipwa kwa kazi ile. Kila darasa limekuwa vizimba, na kila kizimba hakifiki upana wa mita moja. Varanda yote ya mbele imezibwa kwa waya wa miba. Si kuzuia watu wasitoroke. Ni kuwazuia wasijirushe chini wakafa kabla hawajamaliza kuhojiwa. Nje kuna boriti ndefu ambayo wanafunzi walikuwa wakipandia kamba wakati wa michezo. Wafungwa walifungwa mikono nyuma wakatundikwa hapo, wakizimia vichwa vinatumbukizwa kwenye mitungi ya maji machafu ili wazinduke.

Nilikuwa nimevaa vipokea sauti vyenye maelezo ya lugha nyingi (Kiswahili hakimo, nilitazama), nikakaa kwenye benchi nikasikiliza habari za mkuu wa mahali pale. Aliitwa Kaing Guek Eav, jina la kazi Duch. Alikuwa mwalimu. Mwalimu wa hisabati wa sekondari, na waliosoma kwake walisema alikuwa mwalimu mzuri, mwenye kujali, mwenye mpangilio.

Nikavivua vile vipokea sauti. Nikavivaa tena.

Gereza lake liliitwa S-21, na lilikuwa na daftari kuliko shule yoyote niliyofundisha. Kila aliyeingia alipigwa picha akiwa na namba kifuani. Picha hizo zimejaa jengo la pili, safu juu ya safu. Kijana mmoja namba yake imebanwa kwa pini kwenye ngozi ya kifua kwa sababu hana shati. Mama mmoja amempakata mtoto mchanga. Walipita hapo watu wasiopungua elfu kumi na mbili, na wengi husema kati ya 14,000 na 20,000. Waliopona wanahesabika kwa vidole, na karibu wote walipona kwa ufundi: Chum Mey kwa sababu alijua kutengeneza mashine za kupiga chapa, Vann Nath na Bou Meng kwa sababu walijua kuchora, na mkubwa wa nchi, Pol Pot, alihitaji picha zake. Siku ile mzee Chum Mey alikuwa ameketi uwanjani nyuma ya meza ya vitabu. Nilipita mara mbili nikajifanya natazama mti.

Kazi kubwa ya S-21 haikuwa kuua. Ilikuwa kuandikisha. Kila mfungwa alitakiwa aandike maungamo: amekuwa jasusi tangu lini, wa CIA, wa KGB au wa Vietnam, nani alimsajili, nani wenzake. Akimaliza, karatasi zinapelekwa kwa Duch. Duch anazisoma jioni akiwa na kalamu ya wino mwekundu. Anapigia mstari. Anaandika pembeni: hapa hapaeleweki, hapa amedanganya, aulizwe tena. Karatasi inarudishwa. Mfungwa anarudishwa kwenye chumba. Inaandikwa upya.

Nimesahihisha kwa miaka tisa. Naujua ule mkao, karatasi upande wa kushoto, chai imepoa, unaandika "RUDIA" bila hata kuangalia jina. Niliiangalia ile karatasi kwenye kabati la kioo, ule mwandiko mzuri wa pembeni, nikaona mkono wa mtu wa kazi yangu.

Wafungwa wageni walikuwa wachache. Mmoja alikuwa Kerry Hamill wa New Zealand, aliyekamatwa mwaka 1978 baada ya mashua yake kuingia maji ya Kambodia. Pamoja naye Mwingereza, John Dewhirst, ambaye naye alikuwa mwalimu, wa Kiingereza. Hamill aliandika maungamo ya kurasa nyingi. Akakiri kwamba mkuu wake katika CIA alikuwa Kanali Sanders, yaani yule mzee mwenye ndevu nyeupe wa kuku wa kukaanga. Akamtaja mwalimu wake wa kuhutubia, mama mmoja aitwaye S. Tarr. Mama yake mzazi aliitwa Esther. Lisome lile jina kwa sauti, S na Tarr, utamsikia. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua: wahojaji walilipitisha, wakaliandika vizuri kwenye faili, na miaka mingi baadaye ndugu zake walilisoma wakamwona kijana wao anamuaga mama yake chini ya kalamu nyekundu ya mwalimu wa hisabati. Mwaka 2009 mdogo wake, Rob, alisimama mahakamani Phnom Penh akaeleza haya mbele ya Duch.

Sasa nifike kwenye ubao.

Uko uwanjani karibu na ile boriti, sheria kumi za wafungwa, Kikhmer na tafsiri ya Kiingereza yenye makosa ya sarufi. Mahakamani Duch alikana, akadai zimetungwa baadaye na Wavietnam. Mimi sikuzisoma kama hakimu. Nilizisoma kama mtu aliyewahi kupaka rangi ubao wa "Sheria za Shule" getini na kuutundika mwenyewe kwa misumari. Jibu swali kama ulivyoulizwa. Usijifanye mjinga. Usifanye lolote, kaa usubiri amri. Nikafika ya sita: wakati unachapwa au unapigwa shoti ya umeme, ni marufuku kulia.

Msomaji uliyesoma shule zetu umeshanielewa. "Ukilia, naongeza." Nimeambiwa hivyo darasa la tatu, la nne, la tano, nimekiona kiboko cha sita kikija kwa sababu nilitoa sauti kwenye cha tano. Na nimewaambia wengine. Si mara moja. Kuna waraka unaosema ni mkuu wa shule au aliyemruhusu tu, viboko visizidi vinne, viandikwe kwenye daftari. Sote tunaujua, na sote tunajua uko kabati gani. Nina kijana mmoja wa kidato cha pili, mwaka 2017, aliyekosa hesabu za vipeuo. Alikuwa akiziba mdomo kwa kiganja ili sauti isitoke. Nilimwona anaziba. Nikamsifu mbele ya wenzake kwamba huyu ni mwanaume.

Sisemi shule yangu ni S-21. Anayesoma hivyo anatafuta ugomvi, akautafute kwingine. Nasema tu kwamba nilivuka bahari na mipaka miwili nikaona sentensi yangu imetundikwa ukutani kwa watu wengine.

Walinzi na wahojaji wa pale wengi walikuwa na umri wa wanafunzi wangu. Miaka 15, 17, 19.

Niliketi muda mrefu karibu na yale makaburi 14, na kwa kukwepa nilichokuwa nawaza nikawaza vita. Maana mwezi ule ule, Januari 1979, Wavietnam wakiwa Phnom Penh, jeshi letu lilikuwa linaingia Mutukula, upande wa Uganda. Mwaka mmoja, majirani wawili. Khmer Rouge walikuwa wakivuka mpaka na kuua wanavijiji wa Vietnam, Amin alikuwa amenyakua sehemu ya Kagera, na kwetu yule aliyesimama kutangaza kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo alikuwa naye mwalimu, tena tumelifanya neno hilo kuwa jina lake. Aprili tukawa Kampala. Wako wakubwa wa Afrika waliotulaumu, lakini Uganda mpya ilikubaliwa. Wavietnam hawakupata bahati hiyo. Kwa kuwa walikuwa upande wa Wasovieti, Umoja wa Mataifa uliendelea kuwapa Khmer Rouge kiti cha Kambodia miaka kadhaa baada ya picha za Tuol Sleng kuonekana duniani, Marekani na China zikiwaunga mkono. Pol Pot alikufa 1998 porini bila kufikishwa kwenye mahakama yoyote ya kimataifa. Mahakama ilipokuja kuanza kazi 2006, kwa ushirikiano wa serikali na Umoja wa Mataifa, ilimaliza kwa kuwatia hatiani watu watatu tu.

Sina haki ya kucheka. Nimekulia Arusha, na mahakama ya mauaji ya Rwanda ilikuwa pale AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, miaka ishirini. Septemba 1998, nikiwa darasa la sita, majaji walimtia Akayesu, aliyekuwa meya huko Rwanda, hatiani kwa mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza ya aina yake kutolewa na mahakama ya kimataifa, kilomita mbili kutoka kwenye dawati langu. Nilichokijua mimi ni magari meupe na kwamba wale watu walilipa kodi ya nyumba kwa dola.

Kesho yake dereva yule yule alinipeleka Choeung Ek, kama kilomita 15 nje ya mji. Alifunga machela yake ndani ya bajaji akalala. Hakuingia, na sikumwomba.

Ni bustani. Zamani ilikuwa bustani ya matunda pamoja na makaburi ya Wachina, na bado ina kijani cha kupendeza, kuku wanazunguka, nyuma kuna ziwa dogo. Wafungwa wa S-21 waliletwa kwa malori usiku. Risasi zilikuwa ghali, kwa hiyo walitumia ekseli za magari, majembe, nyundo, hata makuti ya mvumo. Mvumo tunao huku pwani. Ukishapitisha kidole kwenye shina la kuti lake utajua ule msumeno. Kuna mashimo 129. Mwaka 1980 walifukua 86, wakatoa watu 8,985, mengine wakayaacha yalale. Kuna mti mkubwa ambao watoto wachanga walibamizwa hapo; shina limejaa bangili za nyuzi za wageni. Kuna mti mwingine ambao juu yake kilitundikwa kipaza sauti, nyimbo za mapinduzi zikapigwa kwa nguvu, jenereta ikinguruma, ili wa mbele wasisikie wa nyuma. Mwisho wa njia wanakuchezea sauti hiyo: wimbo wa kike, mwororo, na jenereta chini yake. Ni dakika chache. Hadi leo jenereta ya duka ikiwaka umeme ukikatika huwa natoka nje.

Mvua ilinyesha nikiwa katikati. Nilijibanza chini ya kibanda, na ilipoisha nikaona kwenye njia, karibu na kiatu changu, pindo la kitambaa limechomoza udongoni. La bluu. Kila masika udongo unayatoa, nguo, meno, vipande vya mifupa, na wahifadhi wanapita kuyaokota na kuyaweka kwenye masanduku ya kioo. Niliita mlinzi nikamwonyesha. Alitikisa kichwa kwa upole, kama ninayemwonyesha jani.

Kwenye mnara wa ukumbusho mafuvu zaidi ya elfu tano yamepangwa nyuma ya vioo, ghorofa juu ya ghorofa, kwa umri. Nilivua viatu, nikazunguka mara moja, nikatoka.

Tukarudi mjini jioni. Nilimlipa dereva, nikamwongezea dola 3, naye akaunganisha viganja akaviinua mpaka puani. "Lok kru." Nikajifanya natafuta kitu begini.

Duch wakati huo alikuwa bado hai gerezani, kifungo cha maisha. Alifariki Septemba 2020 akiwa na miaka 77. Kabla ya kukamatwa 1999 aliishi miaka mingi chini ya jina jingine, na katika miaka hiyo alirudi kwenye kazi anayoijua. Alifundisha.

Shule zilifunguliwa Julai. Wiki ya pili, kidato cha pili B, watoto wanne hawakufanya zoezi la nyumbani. Walisimama wenyewe wakajipanga mbele, wanajua utaratibu, yule wa kwanza ameshanyoosha mkono na kufumba macho. Mwalimu mwenzangu alikuwa mlangoni akingoja kipindi chake. Niliwaambia wakakae, wakatazamana, hawakwenda. Nikawaambia mara ya pili. Mwenzangu akaniuliza kulikoni leo, nikamjibu fimbo nimeisahau ofisini.

Ilikuwa nyuma ya mlango aliouegemea.